Pini Namba Nane

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, umwambie Jumapili nilimpigia simu mara tatu ikaita weee mpaka ikachoka, nadhani aliisahau jikoni tena. Ndiyo maana naandika. Isitoshe, wewe kwenye simu hunisikii. Yale masikio uliyoyaacha kwenye injini za treni hayarudi, na kila ninachosema unanijibu "ndiyo, ndiyo," hata nikikuuliza umekula nini.

Ndani ya boksi hili kuna visanduku viwili. Usivifungue. Nakujua. Cha juu kinakaa nyumbani, dirishani, pembeni ya kiti chako. Kina vitufe viwili tu, 1 na 0, na taa ndogo ya kijani. Cha chini kinafungwa kwenye kibanda cha pampu, bondeni. Ukibonyeza 1, redio ndogo iliyo ndani ya kisanduku cha juu inairusha hiyo 1 hewani. Redio ya chini inaidaka na kuipa chipu, ule ubongo mdogo wa kisanduku. Chipu ina viguu vya chuma, sisi tunaviita pini, na kila pini nimeipa kazi yake. Pini namba nane ndiyo ya swichi ya pampu. Ikija 1, pini nane inapata umeme na pampu inawaka. Ikija 0, inazima. Hakuna waya wowote kati ya nyumba na bonde. Cha chini atakifunga Shoti, maana ndiye fundi umeme pekee hapo mtaani ambaye hajawahi kuunguza nyumba ya mtu. Mchoro wake uko nyuma ya karatasi hii.

Sasa tuelewane. Daktari alisema moyo wako umechoka na ule mlima wa kwenda kwenye pampu usiuguse tena. Mama aliniambia kwamba ulitoka hospitali ukashuka moja kwa moja kuzima pampu, na kadi ya daktari ikiwa mfukoni. Mimi niko mbali, siwezi kusimama mlangoni kukuzuia. Kwa hiyo nimekaa wiki sita na kazi hii, kila nikitoka karakanani kwetu, macho yakiniuma kwa kutengeneza mizani za watu mchana kutwa. Shoti akimaliza tu, hushuki tena bondeni. Kiti, dirisha, kitufe. Basi.

Mwanao,
Bisibisi


15 Machi

Binti yangu Bisibisi,

Marahaba. Boksi limefika salama na dereva wa basi, hata kona moja haikubonyea. Shoti alikuja Jumanne, akakaa saa tatu: mbili za kufunga na moja ya kunieleza jinsi ambavyo yeye angekitengeneza vizuri zaidi. Nilimpa chai akanyamaza.

Jumatano nikakijaribu. Nakuandikia kwa utaratibu, kama tulivyokuwa tukiandika kwenye kitabu cha zamu.

Saa mbili na dakika tano asubuhi nilibonyeza 1. Taa ya kijani ikawaka. Nikavaa viatu nikashuka. Saa mbili na dakika ishirini na mbili nilifika kibandani, nikakuta pampu inanguruma na bomba limepoa kwa maji. Nikapanda. Tangi lilipojaa nilibonyeza 0. Taa ikawaka. Nikashuka, nikakuta pampu imenyamaza. Nikapanda.

Kifaa ni kizuri mno. Nimewaambia majirani wote kimetengenezwa na mwanangu kwa mikono yake.

Mama yako hajambo, anakusalimu, anasema simu haikuwa jikoni, ilikuwa kwenye kapu la nguo.

Baba yako


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Unashuka kufanya nini? Zamani ulikuwa unashuka mara mbili kwa siku, kuwasha na kuzima. Sasa unashuka mara mbili kwa siku, kuangalia kama imewaka na kuangalia kama imezima. Kumbe wiki sita zote nilikuwa nakutengenezea kitufe cha kubonyeza kabla hujavaa viatu!

Taa ya kijani ndiyo inayokuambia. Ikiwaka, imewaka. Huhitaji kwenda kuihakikishia pampu kwamba inafanya kazi, yenyewe inajua. Baba, nakuomba kwa adabu zote, na adabu zenyewe zinakaribia kuniishia. Keti chini.

Bisibisi


2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako, na hasira zako nimezipokea, ni za mtoto anayempenda mzazi wake. Lakini katika suala la taa umekosea.

Taa yako inawaka pale ninapobonyeza. Maana yake kisanduku cha juu kimesema. Haisemi kwamba cha chini kimesikia. Hayo ni mambo mawili, na mimi nimekula mkate wangu miaka thelathini na moja kwa kujua tofauti yake. Unajua kazi yangu ilikuwa kugeuza njia za treni. Ndani ya kibanda kulikuwa na mikono saba ya chuma. Ukivuta mkono mmoja, fimbo inayopita chini ya ardhi inasogeza reli kule mbele, na treni inaingia njia nyingine. Mkono ukikaa mahali pake, na kibao cha ukutani kinachoonyesha njia kikageuka, inapendeza macho. Lakini sheria ilisema hivi: ukishavuta, unashuka ngazi, unatembea mpaka kwenye reli, unaitazama kwa macho yako imesogea na kukaa sawasawa, ndipo unampa dereva bendera. Mkono si reli. Kibao si reli.

Na nisikufiche. Ijumaa iliyopita nilibonyeza 1, taa yako ya kijani ikawaka vizuri kabisa. Nikashuka. Pampu kimya. Shoti alikuwa ameegemeza bati mbele ya kisanduku ili kisinyeshewe, redio ikawa haisikii kitu. Kama ningekaa kitini unavyotaka, ningeketi nikiangalia taa ya kijani na tangi tupu.

Tengeneza cha chini kijibu. Aliyeagizwa aseme amefanya. Hapo tutaelewana.

Baba yako


12 Aprili

Baba,

Shikamoo. Haya. Umenipata, na imeniuma zaidi kwa sababu hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Redio zangu zilikuwa zinaongea upande mmoja tu. Nilijiambia ni pampu ya maji, si ndege, nikaona nimemaliza.

Nimetuma chipu mbili mpya na taa ndogo nyeupe ya kisanduku cha juu. Shoti atoe zile za zamani achomeke hizi, na ASIZIGEUZE, kinukta cheupe kielekee kwenye redio. Sasa ukibonyeza 1, kisanduku cha chini kinawasha pini nane, kisha kinaisoma ile pini kuona kama kweli ina umeme, halafu kinarudisha jibu juu. Jibu likifika, inawaka taa ya pili, nyeupe. Kijani: nimesema. Nyeupe: nimesikia na nimefanya. Na bati liondolewe, mwambieni Shoti akitaka kuezeka akaezeke kwake.

Nilikuwa nazishughulikia wakati wa chakula cha mchana, bosi akapita akauliza hiyo mizani ya nani. Nikamwambia ya Baba, anapima kila ninachomwambia.

Sasa huna sababu. Kiti.

Bisibisi


22 Aprili

Bisibisi mwanangu,

Ni mimi mama yako. Baba yako hajui kwamba naandika. Yuko bondeni na Shoti, wanang'oa waya wa pampu kwa makusudi, eti wanaijaribu taa nyeupe.

Aliniagiza nikikupata kwenye simu nikuambie mambo ni shwari. Si shwari. Anashuka kama kawaida, na siku nyingine mara tatu. Wakati wa kupanda anasimama mara nne. Mimi nasimama mlango wa jikoni namwona. Anashika kifua, anajifanya anatazama miche ya watu, halafu anapanda tena hatua kumi. Akifika midomo imebadilika rangi. Nikimuuliza kwa nini umekawia, ananiambia alikuwa anazungumza na jirani. Jirani gani, na njia ile haina nyumba hata moja?

Ninyi wawili mnanichosha. Wewe unamwandikia habari za taa, yeye anakujibu habari za taa, barua zinapishana njiani zimejaa taa. Mimi ndiye ninayelala pembeni ya kile kifua nikikisikia kinavyofanya kazi. Kwa miaka yote ya ndoa yetu nimemwona akifunga mlango, akirudi kuusukuma, akirudi tena. Nikimuuliza ananijibu ni tabia ya reli. Nimechoka na tabia ya reli.

Wewe ndiye anayekusikiliza. Muulize. Lakini usimwambie nimekuandikia, maana atanuna wiki nzima na mimi sina nafasi ya mtu wa kununa humu ndani.

Mama yako


23 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Chipu zimefungwa, kinukta kimeelekea kwenye redio, nimekisimamia mwenyewe. Taa nyeupe inawaka nusu dakika baada ya kijani, inapendeza.

Jana nilimwambia Shoti ang'oe waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye pampu. Akang'oa. Nikapanda, nikabonyeza 1. Kijani ikawaka. Nyeupe ikawaka. Na pampu haikuwa hata na waya!

Unaona? Kisanduku chako kimeangalia pini nane, kikaona ina umeme, kikanijibu "tayari." Lakini umeme huo ni chenyewe kilichouweka. Kinanirudishia maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa na msaidizi wa namna hiyo kazini, ukimwambia lolote anajibu "ndiyo mzee, tayari," kabla hajainuka kitini. Nilimwomba mkuu wa kituo amhamishe.

Sikulaumu, umejitahidi. Ila sitaki kujua pini inasema nini. Nataka kujua kama maji yanatoka.

Baba yako


4 Mei

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, na sitaipunguza kwa sababu nikiipunguza hutanisikiliza.

Nusu dakika ya kusubiri taa nyeupe ni kwa sababu nilikiambia kisanduku kirudie kuuliza mara kumi ili wewe uridhike. Mara kumi! Mizani za hospitali, zinazopima watoto wachanga, hazirudii mara kumi. Na bado unang'oa waya ili kunionyesha mimi ni mjinga. Hivi unajua nikiifungua bahasha yako naanza na mstari wa mwisho? Nafikiri safari hii ni habari mbaya. Halafu nakuta umeandika kuhusu waya.

Ndani ya boksi hili kuna chipu nyingine, taa ndogo ya bluu, na kipande cha bomba chenye gurudumu dogo. Shoti akate bomba juu ya pampu akiunge hapo. Maji yakipita, gurudumu linazunguka, na kila mzunguko unaipiga pini namba mbili. Chipu inahesabu. Yakipita maji kweli, inawaka taa ya bluu. Yasipopita, haiwaki, hata pini nane iimbe. Hakuna kitu kingine duniani ninachoweza kuongeza. Nikiweka jicho ndani ya bomba utaniambia huenda jicho limesinzia.

Kwa hiyo hiki ni cha mwisho, na swali langu pia ni la mwisho. Mimi nadhani hutaki kifaa. Nadhani hata nikikutengenezea kisicho na kasoro utashuka tu. Likizo sipati mpaka mwezi wa saba, siwezi kuja kukufunga kamba kwenye kiti. Niambie basi kwa maandishi, kama mtu mzima kwa mtu mzima: ni kitu gani kinachokushusha?

Bisibisi


20 Mei

Binti yangu Bisibisi,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko wa mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Tarehe kumi na moja, nikiwa napanda, nilianguka. Mkono wa kulia umevunjika juu kidogo ya kiganja, umefungwa. Moyo nao ulinisumbua, nikalazwa siku tatu, nimerudi. Nililala pale njiani kwa muda mrefu kidogo kabla Shoti hajapita.

Kwanza habari ya kifaa. Gurudumu lilifungwa tarehe tisa. Nililijaribu waya wa pampu ukiwepo, nikalijaribu bila waya, nikalijaribu nimefunga valvu ya bomba maji yasipite. Bluu iliwaka pale maji yalipotoka tu, na haikuwaka kamwe yalipokuwa hayatoki. Halina kasoro. Nakupa hongera, hakuna fundi wa reli ambaye angelifanya vizuri zaidi.

Ndiyo, tarehe kumi na moja taa ya bluu ilikuwa imewaka. Niliiona inawaka. Nikavaa viatu nikashuka.

Uliniuliza kinachonishusha. Mkono ungekuwa mzima ningekuandikia wewe peke yako, au nisingekuandikia kabisa, kama nilivyofanya siku zote. Lakini nilipokuwa nimelala pale njiani sikuogopa kufa. Niliogopa kufa na jambo hili. Kwa hiyo mama yako ataliandika. Andika, Mama Bisibisi.

Ulikuwa hujazaliwa. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Kituo chetu kilikuwa kidogo, njia tatu. Siku hiyo asubuhi mvua ilikuwa inanyesha, na nilikuwa na kikombe cha chai ya moto ambacho ndiyo kwanza nimekimimina. Mabehewa yalikuwa yanakuja, yanatakiwa yaingie njia ya pili. Nikavuta mkono. Ukakaa mahali pake. Kibao kikageuka, kikaonyesha njia ya pili. Nikatazama mvua, nikatazama chai. Sikushuka. Nikapunga bendera dirishani.

Fimbo ya chini ya ardhi ilikuwa imekatika. Reli haikusogea hata kidogo. Mabehewa yakaingia njia ya tatu, na kwenye njia ya tatu walikuwapo watu wa matengenezo, wameinama. Wanne waliruka. Mmoja hakuwahi.

Andika. Nakuomba uandike.

Alikuwa mjomba wako, kaka yake mama yako. Ndiye aliyenipeleka kwao mara ya kwanza. Ndiye aliyewaambia wazazi wake kwamba mimi ni mtu wa kuaminika.

Wakaja watu wa uchunguzi. Wakaniuliza, ulivuta? Nilivuta. Ulishuka ukatazama? Nikasema nilishuka, nikatazama, reli ilikuwa imekaa. Wakaandika kwamba fimbo ilikatika baada ya mimi kutazama, kwamba chuma kilichoka, kwamba hakuna wa kulaumiwa. Nikarudi kazini wiki iliyofuata. Nikashuka kila siku miaka yote iliyobaki, na nilipostaafu hakukuwa tena na pa kushukia isipokuwa kwenye pampu.

Kifaa chako ni kizima, binti yangu. Mwenye kasoro ni mimi. Hiyo ndiyo sababu.

Baba yako

Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Sehemu moja tu sikuiandika. Aliniomba msamaha mara tatu katikati, na hilo si la kukuandikia wewe.

Mama


28 Mei

Baba na Mama,

Shikamooni. Barua imenifikia jana. Nimeanza kujibu mara nne na karatasi zote nimezichana.

Baba, niliuliza lile swali ili nishinde. Nakuambia kweli. Nilikuwa nimechoka kushindwa nawe kwenye jambo ninalolijua kuliko wewe, nikauliza ili ukose jibu. Sikujua kwamba jibu lipo, na sikujua litapitia kwenye mkono wa nani. Nisamehe. Moyo unauma kwa ajili yako na unauma kwa ajili ya Mama, na sijui nianzie wapi.

Bosi amenipa ruhusa kuanzia tarehe kumi na mbili Juni. Nakuja.

Mama, barua hii ikifika, tafadhali chukua simu. Napiga kila siku, inaita. Uko wapi? Unalala wapi? Nani anamfunga Baba mkono? Mnatumia kifaa au kimeachwa? Hata ukiniandikia mstari mmoja nitashukuru.

Bisibisi


6 Juni

Bisibisi mwanangu,

Marahaba. Nipo. Simu niliizima, sikuwa na la kumwambia mtu.

Nalala chumba chako. Mkono wake namfunga mimi, dawa nampa mimi, chakula namwekea. Nani mwingine? Lakini sikumsemesha. Tangu siku ile ya barua sikumwambia neno, hata "karibu chakula." Sahani naiweka, naondoka. Yeye naye hakulalamika. Ningefurahi angelalamika, ningepata pa kuanzia.

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Si kwa sababu ya chai. Mtu anaweza kukosea kwa kikombe cha chai, hata mimi. Ni kwa sababu nilimlilia kaka yangu kwenye bega la mtu huyu. Yeye ndiye aliyeniambia chuma kilichoka. Nikawa namwambia mama yangu hivyo, akiulizia, mpaka akafa: mama, ni chuma kilichoka.

Kifaa chako tunakitumia, usiwe na wasiwasi. Asubuhi baba yako anabonyeza kwa mkono wa kushoto. Kijani, nyeupe, bluu, zote zinawaka zinavyotakiwa. Halafu anakaa anazitazama, anachungulia njia ya bondeni, anazitazama tena. Siku ya kwanza alitaka kuinuka ashuke na ule mkono wake. Sikumzuia kwa maneno, nilishasema nilikuwa simsemeshi. Nilipita mbele yake nikashuka mimi.

Usiniulize kwa nini. Labda nilitaka tu kutoka ndani ya nyumba. Nilifika kibandani, nikatazama bomba, nikapanda. Alikuwa amesimama mlangoni ananitazama usoni aone kama maji yanatoka. Nikampita nikaenda kuosha vyombo. Taa ya bluu ilikuwa inawaka pale dirishani, yeye anauangalia mgongo wangu. Siku nzima hakujua, mpaka alipoliona tangi limejaa.

Nikafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu. Nitakuambia kweli, nilikuwa naona raha. Nilisema moyoni, kaa hivyohivyo, ujue ilivyo. Nilikuwa nashuka polepole ili asubiri zaidi. Na kila siku alikuwa palepale mlangoni, hajaketi, ananingoja nirudi na uso wangu usiosema kitu.

Siku ya kumi nilifika bondeni nikakaa juu ya jiwe. Pampu ilikuwa inanguruma, maji yanapita, na mimi nikawa namlilia kaka yangu kwa sauti, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa kijana. Pale hakuna nyumba, hakuna wa kunisikia. Nilimwambia kwamba mtu mmoja alitakiwa kushuka kuitazama reli na hakushuka. Nikamwambia mengi mengine. Nilikaa mpaka jua likanichoma kichwa.

Nilipopanda nilimkuta baba yako ameshatoka mlangoni, yuko kwenye njia, hatua kama ishirini kutoka nyumbani, ameshika mti kwa mkono mzima. Hana viatu. Nilidhani anashuka kuangalia pampu yake, nikajaa hasira upya. Kumbe hakuniuliza habari ya pampu. Aliniambia, "Umekawia. Nilidhani umeanguka."

Nikamshika mkono nikampandisha. Tulisimama mara tatu. Nilipomkalisha kwenye kiti, taa zako zote zikiwa zinawaka, nikamwambia, "Yanatoka."

Hilo ndilo neno langu la kwanza kwake tangu ile barua. Akainamisha kichwa, akalia mpaka shati likalowa, na mimi nikasimama pale nikimwangalia. Tangu hapo, kila asubuhi yeye anabonyeza, mimi nashuka, narudi namwambia. Hajataka tena kushuka. Midomo yake imerudi rangi yake.

Kwa hiyo usilete kifaa kingine, hiki kinatosha. Na ukija, usije ukatukusanya mezani kutupatanisha kama wazee wa usuluhishi, nakujua. Mimi sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Nilimwambia habari za maji tu.

Mama yako